Siku Walizomtembeza Asegedech

Asegedech hakuipenda namna alivyopokelewa. Alishuka basi la kutoka Woldiya mvua ikimwagika, miguu imemvimba kwa safari, na macho yake yakaanza kumtafuta mdogo wake Mekuria katikati ya miavuli. Mekuria hakuwepo. Aliyekuja ni Mahlet, binti wa Mekuria, pamoja na Alganesh, binamu yao aliyehamia Addis Ababa miaka mingi iliyopita. Wote wawili walimkumbatia kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Mahlet alimbusu shavu hili, akambusu lile, akarudia la kwanza, kisha akawa kama aliyesahau pa kuishia.

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko monasterini, shangazi," Mahlet akasema. "Ameenda kufunga mfungo wa Filseta huko kwenye maji matakatifu. Simu haziruhusiwi."

"Mekuria huyu? Mekuria niliyekuwa nikimfukuza kwa mwiko asidokoe nyama ya Pasaka kabla kengele haijalia?"

Alganesh akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko kichekesho chenyewe. "Watu wanazeeka, dada. Uzee unamrudisha mtu kwa Mungu hata kama hataki."

Asegedech akainama kushika mzigo wake. Alikuwa na mfuko wa unga wa shayiri ya kukaanga, ule ambao Mekuria aliupenda tangu utotoni, na safari nzima alikuwa ameupakata usije ukalowa. Alipomkabidhi Mahlet, msichana aliupokea kwa mikono miwili, akageuka upande mwingine kana kwamba kuna mtu amemwita.

Mama yao alifariki Mekuria akiwa bado hajaota meno. Asegedech, msichana mdogo mwenyewe, ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kisimani, ndiye aliyemtafunia chakula, ndiye aliyemsindikiza kwenye lori siku alipokwenda Addis kutafuta maisha. Kaka yao mkubwa, Belachew, alikuwa keshaondoka zamani kwenda magharibi ya nchi, kwenye mashamba ya kahawa, na ukubwa wake ulikuwa wa heshima zaidi kuliko wa kazi. Mekuria akaja kuwa dereva wa basi la mji. Aliendesha mpaka akastaafu, na kila Jumapili baada ya ibada alimpigia dada yake simu kumsimulia abiria wake, walevi, wachumba wanaogombana, makuhani waliosahau vituo. Halafu simu zikakatika. Jumapili ikapita, na ya pili ikapita. Alipokuwa anaanza kuhangaika, Alganesh ndiye aliyepiga: njoo Addis, kuna daktari mzuri wa magoti, njoo upumzike na uutazame mji.

Akaja.

"Twende Gulele basi nikalale," alisema pale stendi, maana nyumba ya Mekuria ilikuwa Gulele.

"Gulele inapakwa rangi," Alganesh akajibu haraka. "Ile harufu itakuumiza kifua. Utakaa kwangu, Jemo."

Nyumba ya Alganesh ilikuwa ghorofa ya nne, na jengo halikuwa na lifti. Asegedech alizipanda ngazi akishikilia ukuta, akisimama kila mzunguko kuvuta pumzi. "Nimeitwa nitibiwe magoti," alisema, "kumbe nimeitwa nimalizwe."

Asubuhi yake akauliza habari za daktari. Daktari amesafiri, akaambiwa, atarudi wiki ijayo.

"Mji huu kila mtu amesafiri," Asegedech akasema.

Ndipo zikaanza siku za kutembezwa. Mahlet alikuwa akifika mapema, amevaa gauni la maua na kilemba kilichofungwa mpaka kwenye nyusi, akisema kwa sauti ya uchangamfu, "Haya shangazi, leo ni leo!" Wakaanza na Merkato, soko kuu la mji. Waliingia mtaa wa viungo, ambako hewa yenyewe ina pilipili na kila apitaye anapiga chafya, wakatokea kwenye mtaa wa mabati, ambako nyundo zinagonga mpaka mtu anasahau alichokuwa akifikiri. Wapagazi waliwapigia kelele wapishe njia. "Shika mkoba wako vizuri," Mahlet alisema. "Mwizi wa hapa anaweza kukuibia soksi na kiatu akakuachia."

Asegedech alicheka. Lakini aliona kwamba msichana hasemi ili asikilizwe. Alikuwa akisema ili pasiwe na kimya. Kila walipofika mahali pa kukaa, maneno yalimiminika: bei za vitambaa, majirani, harusi ya fulani na fulani. Asegedech alipomuuliza, "Basi la baba yako lilikuwa likipita huku?" maneno yakakauka palepale.

"Lilikuwa likipita," Mahlet akasema.

Kesho yake walikwenda Shiro Meda kuona wafumaji, kisha wakapanda kidogo mlima wa Entoto, mpaka pale mikaratusi inapoachana, mji wote ukionekana chini, mabati na maghorofa na moshi. Mahlet akawa ananyoosha kidole. "Kule ni Arat Kilo. Kule kwenye majengo marefu ni Kazanchis. Kule mbali kabisa ni Bole, ndege zinakotua."

"Na Gulele?"

Kidole kikasita hewani. "Gulele haionekani, shangazi. Ukungu umeifunika."

Asegedech akatazama. Ukungu ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa upande wa mashariki, na Mekuria alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba Gulele iko magharibi, naye hakuwa mtoto wa kutoijua mashariki. Mara mvua ya mawe ikawashukia, wakakimbilia chini ya bati la kibanda kimoja cha kuuza mahindi, na katika kukimbia huko kilemba cha Mahlet kikateleza. Nywele zilikuwa zimekatwa mpaka karibu na ngozi. Msichana huyu alikuwa na misuko iliyomfika kiunoni. Alipokuwa mdogo, alipoletwa Woldiya kwa likizo, Asegedech mwenyewe alimsuka akimweka katikati ya magoti.

"Nywele zako zimekwenda wapi?"

"Nilizikata. Joto."

"Joto? Addis, mwezi wa mvua?"

"Zilikuwa zinakatika, shangazi. Ndiyo mtindo wa siku hizi." Mahlet akakirudisha kilemba, akakifunga kwa fundo la nguvu kama anayefunga gunia.

Hakuna mwanamke wa Woldiya asiyejua mwanamke hukata nywele kwa nini. Lakini moyo una ujanja wake. Ukiletewa jambo usilolitaka, unaliacha mlangoni, unajifanya hukusikia hodi. Asegedech aliyatazama mawe ya barafu yakiruka kwenye matope, akajiambia kwamba vijana wa mjini wana mitindo ya ajabu.

Siku iliyofuata walikwenda Piassa. Walisali kidogo penye ukuta wa kanisa la Giyorgis, kisha wakaingia mkahawa mmoja wa zamani wenye viti vya chuma, wakaagiza kahawa. Meza ya pili alikuwa amekaa mzee mwenye koti la dereva, lile la rangi ya udongo lenye vifungo vikubwa. Alimtazama Asegedech, akatazama pembeni, akamtazama tena. Mwishowe akainuka, akavua kofia, akaja akiwa ameinama.

"Wewe ni dada yake Mekuria," akasema. "Hata usiponiambia. Pua hiyohiyo, paji hilohilo. Mimi ni Tefera, tumeendesha pamoja tangu ujana." Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Mungu akutie nguvu, dada yangu. Mungu akutie nguvu. Yule mtu alikuwa…"

"Mzee!" Mahlet akasimama kwa ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mzee, umetufananisha!"

Akamshika mzee mkono, akamvuta mpaka karibu na mlango, akamnong'oneza. Asegedech aliwaona kwenye kioo cha ukutani. Alimwona mzee Tefera akijifunika mdomo kwa kofia yake. Kisha mzee akarudi, akasimama mbali kidogo, akasema huku macho yake yako sakafuni, "Samahani, mama. Macho ya uzee. Nimekufananisha na mtu mwingine."

"Hakuna neno, baba," Asegedech akasema. "Watu wanafanana."

Mahlet akaketi. Akaanza kueleza kwamba mzee yule anajulikana Piassa nzima, akili zake zimechoka, juzi alimwita askari polisi kwa jina la mke wake. Asegedech aliitikia kwa kichwa. Aliinua kikombe, akanywa, akakiweka, akakiinua tena, mpaka akafika kwenye machicha, na machicha nayo akayameza.

Maneno yale ya mzee, Mungu akutie nguvu, hakuna Mhabeshi anayeyasema kwa aliye mzima. Hayasemwi kwa mgonjwa, wala kwa aliyefungwa, wala kwa aliyesafiri. Husemwa kwa mfiwa tu. Mlangoni pa moyo wake hodi zikawa nyingi, na mlango ukaanguka wenyewe.

Angeweza kupiga yowe hapohapo. Angeweza kuigeuza meza. Wahenga wa nchi nyingine walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini huko kwao mambo huenda kinyume: wa mbali wote walikuwa wameshalia, wamezika, wameosha vyombo vya matanga, na mfiwa amekaa mkahawani ananunuliwa keki. Ndiyo desturi. Mtu hapewi tanzia ya ndugu yake na yeyote, mahali popote. Lazima wakusanyike wakubwa wa ukoo na kuhani, waje alfajiri kabla hajala, wamwambie akiwa amezungukwa. Na mkubwa wa ukoo wao alikuwa Belachew, na Belachew alikuwa magharibi, ambako mvua ilikuwa imekata barabara. Sasa akaelewa kwa nini daktari amesafiri. Wote walikuwa wakimngoja Belachew, na wakati wanangoja, ilibidi yeye atembezwe.

Akamtazama Mahlet. Msichana alikuwa akichora kwa kidole kwenye sukari iliyomwagika mezani, na alipogundua kwamba anatazamwa, akatabasamu. Asegedech hakuwahi kuona tabasamu linalomchosha mtu namna ile. Huyu naye amefiwa, akafikiri. Amefiwa na baba, amekata nywele kwa msiba, na kila asubuhi anavua nguo nyeusi, anavaa gauni la maua, anakuja kunichekesha.

"Kahawa yao nzuri," Asegedech akasema.

"Nilikuambia, shangazi! Piassa ndiyo Piassa."

Hakusema kwamba anajua. Usiku ule alilala ameuma ncha ya shali yake ili Alganesh, aliyelala chumba cha pili, asisikie. Alijiuliza kwa nini hasemi, na majibu aliyopata yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba hakutaka kumwaibisha msichana aliyejitahidi kiasi kile. La pili lilikuwa zito zaidi: maadamu hawajasema, Mekuria yuko monasterini. Anafunga. Amekaa kwenye jiwe, anasikiliza maji.

Kuanzia hapo ni yeye aliyekuwa akimngoja Mahlet, keshavaa, keshajifunga shali.

"Leo nipeleke mimi ninakotaka. Nionyeshe mji wa baba yako."

"Mji wa baba?"

"Alikolala alipofika. Alikooa. Alikokunywa bia. Atakaporudi nataka nimtanie, nimwambie nimeshajua yote."

Mahlet aligeuza uso, akakohoa. Kisha akampeleka. Walikwenda Legehar, kwenye stesheni ya zamani ya reli, ambako Mekuria alilala miezi ya kwanza pamoja na wapagazi, juu ya magunia. Palikuwa kimya, reli zimeota majani. Asegedech alisimama pale mpaka miguu ikamfa ganzi. Walikwenda Lideta, kwenye chumba cha kwanza alichopanga, na mama mmoja aliyekuwa akifua nje alisema hamjui mtu huyo, wapangaji ni wengi, wanakuja na kwenda. Mtaa hadi mtaa, matope hadi matope. Alipokuwa hai Mekuria aliwahi kusema kwenye simu kwamba dada akija atamzungusha Addis yote, kona kwa kona, mpaka aombe poo. Sasa alikuwa anazungushwa.

Mwisho wakafika Kazanchis, ambako Mekuria alioa na Mahlet akazaliwa. Hapakuwa na nyumba. Mtaa mzima ulikuwa umeondolewa, barabara pana imepita, na kando yake uzio wa mabati ya kijani ulikwenda mpaka macho yanapokoma. Mahlet alisimama ukingoni, akatazama huku na huku akijaribu kujipatia alama.

"Pale," akasema, akionyesha katikati ya lami, gari zikipita. "Nadhani pale palikuwa jiko. Marehemu mama alikuwa akipika, na baba akirudi zamu ya usiku alikuwa anaingia kwa nyuma asituamshe. Baba alikuwa akisema Kazanchis hata ukiitupa mtoni itaelea. Alikuwa akisema…" Akakoma. Alikuwa amesikia kinywa chake mwenyewe.

"Husema," Asegedech akamsahihisha taratibu.

"Nini, shangazi?"

"Baba yako. Husema hivyo. Hata kwenye simu huniambia."

Mahlet akamtazama. Gari likapita, likawarushia maji ya matope, na hakuna aliyerudi nyuma. "Ndiyo," msichana akasema kwa sauti ndogo. "Husema."

Kama Mahlet alielewa siku hiyo au hakuelewa, hawakuwahi kuulizana. Ila walirudi Jemo wameshikana mikono, na njia nzima, kwa mara ya kwanza, msichana hakulazimisha maneno.

Belachew alifika Jumamosi jioni na kufichwa kwa jirani. Jumapili, giza likiwa linaanza kupauka, Asegedech akasikia ngazi. Miguu mingi, inayopanda polepole kama inayobeba kitu. Alikaa kitandani akaizungusha shali yake, akajiambia: nitawaambia najua. Nitawapokea nimetulia, nitawaondolea kazi. Mlango ukafunguliwa. Wakaingia wote wamevaa nyeupe, pindo za shali zimegeuzwa juu shingoni kama inavyofanywa msibani: Alganesh, wajumbe wa chama cha mazishi cha Gulele, mzee Tefera na kofia yake mkononi, kuhani na msalaba, na kwa nyuma Mahlet, yeye peke yake amevaa nyeusi. Mbele yao Belachew, amezeeka kuliko alivyomkumbuka.

"Asegedech, dada yangu," Belachew akasema. "Mekuria wetu ametutangulia."

Alikuwa na jibu tayari. Lakini kujua ni jambo moja na kuambiwa ni jingine. Sauti iliyomtoka hakuitambua kuwa ni yake. Alijipiga kifua, akaanguka magotini, yaleyale magoti mabovu, na wanawake wakamkamata mikono asijikwaruze uso. Na hapo ndipo Mahlet, ambaye tangu siku ile stendi alikuwa amelimeza yowe, akalitoa lake. Alikivua kilemba akakitupa, akaja akajilaza kwenye mapaja ya shangazi yake, akalia akiita baba, baba, mpaka majirani wa ghorofa za chini wakapanda kuja kulia nao.

Walipotulia, wakamweleza. Mekuria alirudi kutoka kanisani mchana, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka. Wakamzika siku ya pili yake.

"Siku ya pili," Asegedech akasema. "Kutoka Woldiya mpaka hapa ni safari ya siku moja."

Belachew akainama. "Tuliogopa, dada. Tukuambie uko njiani peke yako? Ungekufa kwenye basi."

"Wewe nani alikuambia nitakufa? Nilimbeba mgongoni kabla wewe hujajua jina lake. Mmenitembeza madukani, mmeninunulia keki, na yeye yuko chini ya matope! Uso wake sikuuona. Mnasikia? Uso wake sikuuona."

Kuhani akataka kusema neno juu ya mapenzi ya Mungu. Asegedech akamwinulia kiganja, kwa heshima.

Siku hiyo ndipo alipofika Gulele. Nyumba haikuwa imepakwa rangi. Koti la dereva lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango. Turubai la msiba lilikuwa limeshavunjwa zamani, wakalisimamisha tena kwa ajili yake, na watu walewale waliokuwa wamelia wakaja kulia upya, wengine kwa machozi ya kweli, wengine kwa adabu. Kaburi lilikuwa limebonyea kwa mvua, msalaba wa mbao umeinamia upande. Alipiga magoti akausimamisha, akashindilia udongo kwa viganja, na ulipoinama tena akausimamisha tena, mpaka Mahlet akaenda kuokota mawe wakaukaza kwa pamoja.

Alikaa mpaka arobaini. Belachew aliondoka mapema, na katika kuagana walipeana mikono kama wageni. Hawakuwahi kupatana vizuri tena. Mwaka uliofuata Belachew alituma watu na kondoo wa kuomba msamaha, naye akampokea kondoo na kuwalisha watu, lakini salamu aliyorudisha ilikuwa fupi. Mahlet, Asegedech hakumhesabia kosa lolote. Kabla ya kuondoka alimwomba waende wote Woldiya. Msichana akasema ana kazi, na kaburi linahitaji mtu.

Mvua zilikuwa zimekwisha siku aliyoondoka, na maua ya manjano ya mwaka mpya yameanza kuchanua kwenye vilima. Basi lilipokuwa likiutoka mji, Asegedech aliitambua mitaa mmoja baada ya mwingine, kwa jina, kama mwenyeji. Kwao Woldiya wanawake wakamzunguka wakitaka kujua Addis ikoje, maana wengi hawajafika.

"Ni kubwa," akawaambia. "Ina mvua."

Kisha akaomba ungo, akaanza kupepeta shayiri.